Baba Mkwe na Kioo cha Boila

Kwa miaka minne baba mkwe wangu alinifundisha kazi ya moto bila kunitazama usoni. Yeye alikuwa mtia moto wa boila ya hospitali. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye mashine za kufulia na lile pipa kubwa la mvuke la kutakasia vyombo vya upasuaji. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa tofali, mlango wa chuma ambao sikuwahi kuufungua, na bomba la mvuke lililotoboa ukuta kutoka kwake kuja kwangu. Bomba hilo ndilo lilikuwa mdomo wetu.

Nieleze, maana mgeni anaweza kudhani tulikuwa tumegombana. Mimi ni wa Mbalibali, Serengeti, nimeolewa Tarime, pembezoni mwa Turwa. Kwetu wakwe tunawaheshimu, lakini huku nilikoolewa heshima hiyo imenyooshwa na kupigwa pasi. Mkamwana hampi mkono baba mkwe. Haketi naye chumba kimoja, hamtaji jina, hamtazami machoni. Mkikutana njiani wewe unapisha huku, yeye anapisha kule, anageuzia uso kwenye ua wa minyaa au kwenye mahindi ya watu, na anasimama hivyo mpaka upite. Unamwamkia shikamoo ukitazama chini, naye anaitikia marahaba akiiambia minyaa. Mwanzoni nilikuwa nikifika mbele nacheka peke yangu. Baadaye nikaona kwamba mzee mwenye mvi zile, anayeacha njia na kukanyaga tope kwa ajili yangu, ananiheshimu kuliko hata mwanawe niliyezaa naye watoto wawili.

Basi kazini tukawasiliana kwa spana. Nikigonga bomba mara moja, maana yake nakaribia kufungua mvuke, chochea. Mara mbili, punguza. Mara tatu, acha kila kitu, kuna hatari. Akisikia anajibu kwa pigo moja. Hiyo ya mara tatu tulipatana tu, hatukuwahi kuitumia.

Akiwa na neno refu alikuja nje ya dirisha langu la wavu, akalipa dirisha mgongo, akazungumza na tenki la maji. "Wewe tenki," alisema, "kuna watu wanafungua mvuke wote kwa mkupuo. Waambie wafungue taratibu, mshale wangu unaanguka." Nami nililijibu tenki lile lile. "Tenki, waambie wenye moto wao kwamba mashuka ya wodi nzima hayawezi kusubiri mpaka Yesu arudi." Nilimsikia akikohoa. Ndivyo alivyokuwa akicheka.

Ujanani alikuwa mtia moto kwenye gari moshi, reli ya kati. Injini zile zilikula mafuta mazito na boila yetu ilikula kuni za mikaratusi, lakini alisema moto ni moto, na mwenye haraka humwunguza. Kupitia tenki nilijifunza kwamba mlima hauchochewi mkiwa mlimani. Moto wa mlima unauandaa mkiwa bado tambarare, ili injini ikianza kupanda mvuke uwe tayari. Ndiyo maana nilitakiwa kugonga robo saa kabla sijafungua. Nilijifunza pia kwamba mshale wa kupimia mvuke hukaa chini kidogo ya mstari mwekundu. Ukiugusa mstari, vali ya usalama inafunguka juu ya paa, mvuke unapotea hewani, na stesheni nzima inajua kwamba mtia moto wa leo ni mjinga. Vali yake haikuwahi kufunguka. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia kwake kuliko ng'ombe.

Na nilijifunza juu ya kioo. Ubavuni mwa boila kuna bomba la kioo, urefu wa mkono mmoja hivi, linaloonyesha maji yaliyomo ndani. "Tenki, sikia vizuri," alisema siku hiyo, na hakukohoa. "Kioo kilichojaa pomoni na kioo kitupu vinafanana. Vyote vyeupe. Usikiamini kwa macho, fungua kibomba cha chini uone kinatoa nini. Kikitoa maji, mshukuru Mungu. Kikitoa mvuke mtupu, boila imekauka na chuma kimeiva. Hapo usitie maji hata tone. Maji baridi juu ya chuma kilichoiva yanageuka mvuke mara moja, boila inapasuka. Ua moto, kimbia." Nyuma ya ukuta wa pili wa boila ile kulikuwa na wodi ya wazazi. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa nne baba mkwe akabadilika.

Nilikutana naye kwenye njia ya kisimani, nikatoka pembeni, nikainamisha kichwa, nikaamkia. Hakupisha. Alikuja moja kwa moja katikati ya njia, uso umenikabili, akaitikia marahaba hewani na kunipita karibu sana hata koti lake likagusa ndoo yangu. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa. Wiki ile ile ikatokea tena, mbele ya jirani. Jirani aliguna tu, na unajua kuguna kwa jirani.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu alikuwa kwenye kazi za mgodini huko Genkuru, akirudi mwisho wa wiki, na aliporudi nikammwagia yote kabla hajavua viatu. "Baba yako ameanza kunidharau. Ananitazama machoni kama muuza dagaa. Nimemkosea nini?" Akaniambia wazee wana mambo yao, niache. Mama mkwe nilipomuuliza aliinamia chungu akasema moshi unamwumiza. Basi nikanuna. Nami nikinuna, nanuna kweli. Nikaacha kuliambia tenki chochote. Baba mkwe alikuja dirishani mara mbili tatu, akasema maneno yake ya utani, akasubiri, nikanyamaza nikikunja mashuka. Akaacha kuja. Tukabaki na spana tu, pigo langu na pigo lake, miezi mitano.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi. Umeme ulikatika saa tatu na nusu. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mama anayepasuliwa, kwa hiyo mlinzi akawasha jenereta, na jenereta lile limekaa hatua chache kutoka chumba cha boila. Likinguruma, hata mawazo yako huyasikii. Muuguzi wa upasuaji alichungulia mlangoni akapaza sauti kwamba kuna mama wa pili nyuma ya huyo, anataka vyombo vingine haraka. Nikagonga bomba mara moja. Sikusikia jibu. Nikasema ni kelele za jenereta, nikapakia vyombo kwenye pipa.

Mashine za kufulia zilikuwa zimekula mvuke tangu alfajiri, na jiko la wagonjwa pia. Mshale wa upande wangu ulishuka kidogo nilipofungua, kisha ukapanda. Ukapita pale unapokaa siku zote. Nikagonga mara mbili, punguza. Kimya. Ukagusa mwekundu. Nikagonga tena mara mbili kwa nguvu, spana ikaniruka mkononi. Nilipoinama kuiokota ndipo nikaona dirishani, juu ya paa lake, moshi mweupe unaosimama wima. Haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke. Vali ya baba mkwe ilikuwa imefunguka.

Mtu ambaye hakuiachia vali hiyo hata siku moja, leo inapiga na hashughuliki. Nikatazama taa juu ya kichwa changu, imezima. Hapo akili ikarudi. Jenereta lilihudumia chumba cha upasuaji peke yake. Pampu ya kuingiza maji kwenye boila ilikula umeme wa kawaida, na umeme wa kawaida haukuwepo karibu saa nzima. Siku nyingine za namna hii nilimsikia akivuta pampu ya mkono, kwi, kwi, kwi, hadi mabega yangu yanamwonea huruma. Leo sikuisikia. Nilikuwa nimedhani jenereta limeimeza sauti.

Niligonga mara tatu. Nikagonga tena mara tatu. Halafu nikaenda kwenye mlango wa chuma ambao miaka minne yote sikuugusa, nikavuta komeo, nikaingia kwa baba mkwe wangu.

Joto lilinipiga kifuani. Kulikuwa na harufu ya rangi inayoungua. Moto ulikuwa mkubwa, ule wa kupanda mlima, na yeye alikuwa amesimama mbele ya kioo, pua karibu iguse, kiganja kimoja kwenye bomba la mvuke, lililokuwa likitetemeka lote kwa jenereta. Kioo kilikuwa cheupe toka juu mpaka chini. Nikamzunguka, nikafungua kibomba cha chini. Hakikutoka maji. Ulitoka mvuke mkavu, ukitoa sauti ambayo sikuisikia, niliuona tu ukitimua majivu sakafuni.

"Baba!" nilipiga kelele. "Maji yamekwisha!"

Hakusikia. Alihisi tu kwamba kuna mtu, akageuka. Akanigeuzia uso mzima, macho wazi, na sikuinamisha kichwa kwa sababu nilikuwa nimeyaona yale macho. Mboni zote mbili zilikuwa na utando mweupe, mzito, kama uji wa mgonjwa. Alinitazama begani, kisha mlangoni, akinitafuta. Baba mkwe wangu alikuwa haoni.

Miezi yote ile hakuwa amenidharau. Hakupisha njia kwa sababu hakuniona. Boila alikuwa akiiendesha kwa masikio na viganja, akiisikiliza pampu ikivuma, maji yakiingia, moto ukiguna, na leo jenereta lilikuwa limemnyang'anya masikio. Pampu ilipozima hakujua. Alifikiri maji yanaingia.

Wakati mimi nimeduwaa yeye aliinama akaweka kiganja juu ya pampu. Niliona mkono wake ukishtuka. Pampu ilikuwa baridi, haitetemeki. Na mtia moto yeyote, akigundua pampu imesimama na hajui imesimama tangu lini, anafanya alichofanya yeye. Alinyanyuka akaufuata mpini wa pampu ya mkono, mahali ambapo mkono wake uliujua bila macho, ili atie maji.

Nilimshika. Nilimshika kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili, mimi mkamwana, nikamvuta nyuma. Alijaribu kunikung'uta. Ana nguvu mzee yule, amechanja kuni miaka mingi. Nilipiga kelele kwamba usitie maji, mdomo wangu karibu na sikio lake, na jenereta likanguruma juu ya maneno yangu. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umeupata mpini. Basi nikakunja ngumi nikamgonga juu ya mkono ule niliomshika. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Akasimama. Mwili wote ukasimama. Nikamgonga tena mara tatu, polepole, ajue ni mimi na ajue nasema nini. Akauachia mpini.

Halafu nikakumbuka swichi. Pampu ya umeme alikuwa ameiacha imewashwa. Umeme ukirudi sekunde ile, ingewaka yenyewe na kusukuma maji baridi kwenye chuma kile, bila kumwuliza mtu. Swichi ilikuwa upande wa pili wa mdomo wa tanuri. Niliruka kwenda, nikateleza kwenye vumbi la kuni, nikaanguka kwa goti, nikanyoosha mkono nikaizima nikiwa bado chini. Nilipogeuka baba mkwe alikuwa ameshafunga mlango mdogo wa hewa chini ya tanuri, kwa kupapasa, na ameshika koleo. Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea kona, kwenye lundo la majivu tunayoyamwagia maji kila asubuhi. Mimi nikachota kwa karai, yeye kwa koleo. Niliongoza bega lake hadi mdomo wa tanuri, nikimsukuma hivi, nikimvuta hivi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mila. Tulirusha majivu mabichi juu ya makaa mpaka yakawa meusi, moshi ukatukaba, machozi yakatutoka.

Tulikuwa kwenye karai la saba au la nane taa iliyokuwa juu ya vichwa vyetu ilipowaka.

Umeme ulikuwa umerudi. Nikatazama pampu. Ilikuwa kimya. Nikaketi sakafuni pale pale. Dakika chache baadaye mlinzi akazima jenereta, na kupitia ukuta wa pili nikasikia kitoto cha mtu kikilia wodini na mama yake akikibembeleza kwa Kikurya, wala hajui lolote. Baba mkwe naye alisikia. Alikuwa amesimama amelishikilia koleo kama fimbo. Alipojua sasa kwamba tunaweza kusikiana hakusema nami. Alinipa mgongo, akaliambia koleo lake, "Ni mwaka sasa. Kwanza moja, kisha la pili."

Nikalia. Nililia kwa hasira, nisiseme uongo. Hasira na yeye kwa kuficha, na mama mkwe kwa kumfichia, na mimi mwenyewe zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kitu juu ya anayenuna. Ningemjibu utani wake alipokuja dirishani, siku moja angeliambia tenki. Nina hakika angeliambia. Mimi ndiye niliyelifunga tenki.

Nyumbani habari ilitutangulia. Mama mkwe alinisubiri kwenye mlango wa jiko. "Ni kweli umemshika baba mkwe wako?"

"Nimemshika, mama. Na nimemvuta. Na nimempiga."

Akashika mdomo. Alianza kusema juu ya kondoo wa kuondoa mkosi, na kwamba anayetoa kondoo ni aliyekosa, na wazee wataitwa, na nikamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba kubwa, nyuma ya ukuta wa udongo. "Wewe ukuta, mwambie huyo mama wa nyumba, kondoo nitatoa mimi. Aliyekosa ni mimi. Nilimpita mkamwana wangu njiani miezi yote hii bila kumpisha, na kosa hilo nilikuwa nalijua." Kondoo alitoka zizini kwake. Wazee walikunywa, walisema yao, yakaisha.

Kesho yake alikwenda mwenyewe, akishikwa mkono na mwanawe, kwa mganga mkuu wa hospitali, akasema haoni na kwamba boila ilikauka mikononi mwake. Fundi akaja kuikagua, wiki tatu tukafua kwa mikono. Ilipopona, moto wakanipa mimi. Baba mkwe hakuondoka. Alipewa ruhusa ya kuketi nje, kwenye gogo kando ya tenki, na spana yake. Nikichochea vibaya aligonga bomba mara mbili kabla mshale haujafika popote. Tenki nalo likarudi kazini. "Tenki," alisema, "kuna watu wanatupa kuni kama wanafukuza mbwa." Nikaliambia tenki liwaambie waliostaafu wapumzike.

Madaktari wa macho huja kwetu kwa zamu, wanakaa siku chache wanaondoka. Walipokuja wakasema ni mtoto wa jicho, wanaweza kumtoa, waanze na moja. Asubuhi ya upasuaji huo niliwasha tanuri mapema kuliko siku zote. Nilifungua kibomba cha chini cha kioo mara mbili, nione maji. Nilivuta mshale taratibu hadi chini kidogo ya mwekundu nikaukalisha pale, na vile visu vidogo na vitambaa vya kijani nikavipakia kwenye pipa mwenyewe, nikahesabu dakika zake zote nikaongeza tano. Gogo kando ya tenki lilikuwa tupu, na hakukuwa na wa kunigongea kama nakosea.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Mimi sikuwepo, mkamwana hangeweza kuwepo. Nilikuwa napita tu na kapu la mashuka kwenye ukumbi wa nje wa wodi, na sikujua kwamba wamemtoa akae kwenye benchi la huko. Nikamwona ghafla, hatua kumi mbele yangu, ameketi kati ya wagonjwa wengine, uso umeelekea upande wangu. Nikasimama. Nikainamisha kichwa kwa mazoea, nikasema shikamoo baba.

Alinyanyuka kwa kushikilia ukuta. Akasogea kando, akatoka benchini ili nipate njia pana. Kisha baba mkwe wangu akageuza uso ukutani, akausogeza hadi paji likagusa chokaa, akasimama hivyo, na kuuambia ukuta, "Marahaba."

Nikapita na kapu langu.